Rashidi Mfaume Kawawa

Rashidi Mfaume Kawawa (27 Mei 1926 – 31 Desemba 2009) alikuwa mwigizaji wa filamu, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na mwanasiasa wa Tanzania. Alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika kuanzia tarehe 22 Januari 1962 hadi nchi ilipokuwa jamhuri tarehe 9 Desemba mwaka huohuo, kisha Makamu wa Rais. Baada ya Muungano wa 1964 akawa Makamu wa Pili wa Rais, na kati ya 1972 na 1977 alishika pia cheo cha Waziri Mkuu wa Tanzania.

Wengi humkumbuka kwa jina la Simba wa Vita na kwa uaminifu wake kwa Julius Nyerere. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kujulikana kwenye majukwaa ya siasa alikuwa amekwisha kujulikana kwenye pazia jeupe la sinema. Alikuwa nyota wa Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili ya nyeusi na nyeupe iliyotengenezwa Tanganyika mwaka 1952. Filamu hiyo inahusu kijana wa shamba anayehamia mjini. Suala la kijana huyo, yaani akae wapi, afanye kazi gani na nani aamue, liliendelea kumfuata Kawawa muda wote alioshika madaraka.

Maisha ya awali

Kawawa alizaliwa katika kijiji cha Matepwende, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma. Wakati huo sehemu hiyo ilihesabiwa kuwa Songea. Baba yake alikuwa mwindaji wa tembo, na Rashidi alikuwa mkubwa kati ya ndugu zake.

Alisoma shule ya msingi Liwale, akaendelea Dar es Salaam, kisha akaenda Shule ya Serikali ya Tabora. Shule ya Tabora ilikuwa mojawapo ya shule chache mno ambazo mtoto wa Kiafrika angeweza kufikia masomo ya juu ya sekondari, na ilitoa sehemu kubwa ya kizazi kilichoongoza nchi baada ya uhuru. Baada ya hapo njia ya kawaida kwa mwanafunzi mwenye uwezo ilikuwa Chuo cha Makerere, Uganda. Kawawa hakwenda. Inasimuliwa kwamba alichagua kuajiriwa ili mshahara wake uwasomeshe wadogo zake.

Alianza kazi kama karani wa hesabu katika Idara ya Kazi za Umma, Dar es Salaam. Baadaye alihamia Idara ya Maendeleo ya Jamii, na huko ndiko alikokutana na kamera.

Sinema kabla ya Kawawa

Ili kuielewa filamu iliyompa jina ni lazima kujua kwa nini serikali ya kikoloni ilitaka kutengeneza sinema. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mradi uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, uliotengeneza filamu fupi kwa ajili ya Waafrika. Filamu hizo zilizungushwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na sauti zake zilichezwa kwa sahani za santuri ili lugha iweze kubadilishwa kufuatana na wasikilizaji. Nyingi zilifundisha mambo ya kilimo, afya, kodi na kuweka akiba posta. Moja iliyoitwa Gumu ilionyesha matatizo ya mtu wa kijijini anayekwenda mjini.

Kwa hiyo hadithi ya mshamba aliyepotea mjini ilikuwa tayari imekwisha kupigwa picha miaka kumi na mitano kabla ya Kawawa kusimama mbele ya kamera. Watawala waliipenda hadithi hiyo, na walikuwa na sababu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vijana walimiminika Dar es Salaam kuliko kazi zilivyokuwapo. Serikali iliwaita wahuni, ikawakamata katika misako na kuwarudisha makwao. Kupitia sinema ilitumaini kuwashawishi wengine wasije kabisa.

Wakati huohuo watu wa mjini walikuwa wakiona filamu nyingine kabisa. Kumbi za Dar es Salaam kama Empire na Avalon zilionyesha filamu za Kihindi, za Misri na za Marekani, na watazamaji wa Kiafrika walizipenda hasa za wachunga ng'ombe wenye bastola. Maofisa walihofia kwamba filamu hizo zilikuwa zikiharibu heshima ya Mzungu na tabia za vijana. Filamu ya mafundisho juu ya choo cha shimo haikuweza kushindana nazo. Ilihitajika filamu ndefu kidogo, yenye kisa, yenye kuchekesha, na yenye kutumia Kiswahili kinachosemwa mitaani.

Muhogo Mchungu

Mnamo 1951 serikali ya Tanganyika iliingia katika ushirikiano na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg. Kampuni ilileta wataalamu na vifaa, na serikali ilitoa waigizaji na mahali pa kupigia picha. Matunda yake yalikuwa filamu kadhaa za Kiswahili katika miaka ya mwanzo ya 1950, zikiwemo Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi na Wageni Wema. Kawawa aliigiza kama mhusika mkuu katika Muhogo Mchungu, na pia alishiriki kuandika hadithi za filamu za mpango huo.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kijana kutoka shamba anaingia mjini akiwa na matumaini na ujinga wa mgeni, anakutana na wajanja, anadanganywa, na mambo yanamwendea mrama. Ni kichekesho chenye funzo. Mtazamaji wa mjini alimcheka yule mshamba kwa sababu mwaka mmoja au miwili nyuma huenda yeye mwenyewe alikuwa hivyo. Yule wa kijijini alimcheka pia, ila kwa wasiwasi.

Mtu anayeitazama leo filamu ya aina hii anaweza kuiona kuwa ya kizamani na kuishia hapo. Inafaa kuitazama kwa njia mbili kwa pamoja. Kwanza ni filamu ya kisiasa, ingawa hakuna anayetaja siasa ndani yake. Haiulizi kwa nini kijana ameondoka nyumbani, wala haitaji kodi ya kichwa, bei ya mazao au ukosefu wa shule. Lawama zote zinaangukia tabia: mjini pana hatari, na anayeumia ameumia kwa ujinga wake. Anayetaka kujua serikali ya kikoloni ilikuwa ikifikiri nini juu ya raia wake atajifunza mengi kwa kuangalia mambo yaliyoachwa nje ya picha.

Pili, uso unaoonekana ni wa Mwafrika na lugha inayosikika ni Kiswahili. Hilo lilikuwa jambo kubwa mwaka 1952. Watazamaji waliozoea kuwaona watu wa mataifa mengine wakiwa mashujaa na Waafrika wakiwa wapagazi nyuma yao, walimwona mwenzao akibeba hadithi nzima. Alichekesha kwa mwendo, kwa macho na kwa namna ya kusema, na watu wakalijua jina lake. Waliotoa fedha walikuwa na funzo lao, lakini hawakuwa na uwezo wa kuzuia watazamaji kuondoka na kitu kingine. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, kitu hicho kilikuwa na thamani kuliko funzo lenyewe.

Katika filamu ya nyeusi na nyeupe mwigizaji hana rangi za kumsaidia, na katika onyesho la uwanjani usiku, picha ikipigwa kwenye shuka na mashine ya umeme ikinguruma kando ya gari, hata sauti husikika nusu. Inabidi mwili wa mwigizaji ueleweke kwa mtu aliyekaa chini mbali, tena kati ya mamia ya watu wanaocheka na kuongea. Anayejua kumfikia mtu huyo amejifunza nusu ya kazi ya mhutubiaji wa mkutano wa hadhara.

Njombe na Makambako: watu waliokuwa katika hadithi

Hadithi ya kijana anayeondoka nyumbani haikuwa ya kubuni kwa watu wa nyanda za juu za kusini. Mtu atokaye Songea kwenda Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu hupanda Njombe, penye baridi na vilima vya nyasi, kisha hufika Makambako ambako barabara hiyo inakutana na ile itokayo Iringa kwenda Mbeya. Njia hiyo ilikuwa ya wasafiri wa aina zote, na zaidi ya wote ilikuwa ya vibarua.

Wakati wa ukoloni Ubena, yaani eneo la Njombe, ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa wafanyakazi wengi kwa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Ofisi ya kuandikisha vibarua ya wenye mashamba ya mkonge, iliyojulikana kwa kifupi SILABU na iliyoanzishwa 1944, ilichukua watu kutoka wilaya hiyo mwaka hadi mwaka. Wanaume waliondoka kwa mikataba, wakakata mkonge kwa miezi, na wengine hawakurudi. Nyumbani kazi ya ujira ilikuwa chache. Kampuni ya miwati ya Tanganyika Wattle Company, iliyoanzishwa Njombe mwaka 1949 kwa fedha za shirika la maendeleo la Uingereza, iliajiri baadhi yao katika kupanda na kuchuna magome ya miti, lakini haikuwatosha wote.

Ukiitazama Muhogo Mchungu ukiwa na watu hawa akilini, kicheko kinapungua. Kijana wa Njombe hakwenda pwani kwa sababu ya ujinga. Alikwenda kwa sababu kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu na fedha ilikuwa pwani. Filamu haikuwa na nafasi ya kusema hivyo. Aliyeiigiza alipata nafasi ya kulisema mahali pengine, miaka michache baadaye.

Kiongozi wa wafanyakazi

Mwaka 1953 Kawawa alitumwa kufanya kazi ya maendeleo ya jamii kati ya Wakikuyu waliowekwa kizuizini Tanganyika kutokana na vita vya Mau Mau nchini Kenya. Kama mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kujiunga na chama cha siasa. Katazo hilo liliwabana wasomi wengi wa Kiafrika wa wakati huo, kwa kuwa karibu wote waliajiriwa na serikali, na TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 wengi waliiunga mkono kwa siri tu.

Mlango ulioachwa wazi ulikuwa wa vyama vya kutetea maslahi ya kazi. Kawawa aliingia katika Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, TAGSA, akawa rais wake. Oktoba 1955 vyama mbalimbali vya wafanyakazi viliunda Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, kwa kufuata mfano wa Kenya na kwa kutiwa moyo na Tom Mboya. Kawawa akachaguliwa katibu mkuu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya serikali, na hapo akawa huru kujiunga na TANU.

TFL ilikua haraka. Desemba 1956 palikuwa na mgomo wa wafanyakazi wa hoteli na wa majumbani Dar es Salaam, na 1958 mgomo wa kiwanda cha bia ulifuatwa na wananchi kususia pombe hiyo. Kwenye mkonge chama cha wafanyakazi wa mashamba kiliwafikia vibarua wale wa Njombe na wa mikoa mingine ambao hadi wakati huo hawakuwa na wa kuwasemea, na mwaka huohuo wa 1958 shamba la Mazinde lilikumbwa na mgomo mrefu. Katika mikutano hii Kawawa alionekana kuwa mtu wa subira na mpangaji. Alijua pia jinsi ya kuzungumza na umati, na wapo waliokuja kumwona kwanza kwa sababu walikwisha kumwona kwenye sinema.

Mwaka 1957 Gavana Edward Twining aliwateua Nyerere na Kawawa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Nyerere alijiuzulu kabla ya mwaka kwisha. Muungano wa TANU na TFL, ambao kwa sehemu kubwa ulisimama juu ya uhusiano wa watu hawa wawili, ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyofanya uhuru wa Tanganyika uje mapema na bila vita.

Waziri Mkuu wa 1962

Septemba 1960 Kawawa aliingia katika baraza la mawaziri kama Waziri wa Serikali za Mitaa na Nyumba. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Wiki sita baadaye Nyerere aliishangaza nchi kwa kujiuzulu uwaziri mkuu ili akaijenge TANU vijijini, na Kawawa, akiwa na umri wa miaka 35, akashika serikali.

Mwaka wake mmoja ulikuwa na mambo mazito. Serikali yake iliharakisha kuwaweka Waafrika katika nafasi za utumishi zilizokuwa za Wazungu, ikaandaa katiba ya jamhuri na kuelekea kufuta mamlaka ya machifu. Ilipitisha pia sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi, pamoja na sheria zilizofanya mgomo halali uwe karibu kutowezekana na kuwazuia watumishi wa serikali kuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi.

Hapa wasifu wa Kawawa unakuwa mgumu kwa mwandishi. Mtu aliyekuja juu kwa TAGSA na TFL ndiye aliyeongoza serikali iliyovifunga mikono. Watetezi wake husema kwamba nchi ilikuwa maskini, wenye mishahara walikuwa wachache, na migomo yao ingeweza kumnyima mkulima maendeleo. Hoja hiyo ina uzito, kwani idadi kubwa ya wananchi hawakuwa na mwajiri wa kumgomea. Lakini wenzake wa zamani hawakuridhika. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, alipelekwa kuishi Sumbawanga kwa amri ya serikali. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 TFL ilivunjwa kabisa na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, chama kimoja kilichofungamana na serikali.

Wakati huo Kawawa alikuwa Makamu wa Rais. Siku za maasi yeye na Nyerere walijificha pamoja ng'ambo ya bandari, upande wa Kigamboni. Muungano na Zanzibar ulipofanyika tarehe 26 Aprili 1964, Abeid Amani Karume akawa Makamu wa Kwanza wa Rais na Kawawa akawa wa Pili.

Vijiji

Azimio la Arusha la 1967 liliwataka Watanzania kujitegemea na kuishi kijamaa vijijini. Mwanzoni kujiunga kulikuwa kwa hiari. Katika Mkoa wa Ruvuma, nyumbani kwa Kawawa, wakulima walikuwa wameunda vijiji vyao wenyewe kuanzia Litowa na kuviunganisha katika Chama cha Maendeleo Ruvuma. Mwaka 1969 chama hicho kilivunjwa na uongozi wa TANU, na mashine zake zikachukuliwa. Walioamini kwamba ujamaa ungejengwa na wakulima wenyewe waliona hapo mwanzo wa njia nyingine.

Mwezi Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo. Njombe wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa, na iliendelea kuwa hivyo hadi Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012. Mwaka huohuo wa 1972 mpango wa Madaraka Mikoani uliweka utawala wa mikoa na maendeleo ya vijijini chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, yaani chini ya Kawawa. Kwa hiyo Novemba 1973, ilipoamuliwa kwamba kuishi katika vijiji ni lazima na kazi ikamilike kabla ya mwisho wa 1976, ofisi yake ndiyo iliyokuwa na dhamana ya kutekeleza.

Mamilioni ya watu walihamishwa. Katika nchi ya vilima kama Njombe familia zilizoea kukaa mbalimbali, kila moja karibu na shamba lake na makaburi yake. Kuhamia kijiji kilichopangwa kwa mistari kando ya barabara kulimaanisha kutembea mbali kwenda kulima, na kuiacha nyumba ya zamani. Sehemu nyingi za nchi nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Miaka ya 1974 na 1975 njaa ilipiga hodi kutokana na ukame na vurugu za uhamishaji kwa pamoja, na serikali ikaanzisha kampeni ya kilimo cha kufa na kupona.

Upande wa pili wa hesabu haupaswi kuachwa. Vijijini shule, zahanati na mabomba ya maji vilifika mahali ambapo havikuwahi kufika. Bei moja ya mahindi kwa nchi nzima na mbolea ya ruzuku ziliwanufaisha hasa wakulima walio mbali na pwani, na Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikawa mikoa minne iliyotegemewa kulisha taifa. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi 1976, iliipa Makambako stesheni, na mji uliokuwa njia panda ukaanza kuwa soko. Kijana wa Njombe wa miaka hiyo alikuwa na sababu ya kubaki ambayo baba yake hakuwa nayo. Tofauti ni kwamba hakuulizwa.

Mwaka 1976 Dar es Salaam ilishuhudia operesheni ya kuwakusanya watu wasio na kazi na kuwapeleka vijijini. Aliyekuwa Waziri Mkuu ni yuleyule aliyecheza kijana wa shamba aliyeingia mjini bila kazi. Sinema nayo ilikuwa imerudia hadithi ileile: Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa 1968, ilitoa katikati ya miaka ya 1970 Fimbo ya Mnyonge, ambayo kijana wake anakwenda mjini, anataabika, na kupata nafuu katika kijiji cha ujamaa. Ukiziweka Gumu, Muhogo Mchungu na Fimbo ya Mnyonge pamoja, unaona serikali za zama tofauti, mbili za mwanzo za kikoloni na ya mwisho ya wananchi wenyewe, zikimwambia kijana mmoja neno moja: rudi nyumbani. Ya mwisho angalau ilijaribu kuonyesha kwamba nyumbani pameandaliwa kitu. Kwa mwanafunzi wa historia hilo ni zoezi zuri kuliko sura nyingi za vitabu, na linahitaji macho tu.

Baada ya 1977

Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi ziliungana kuwa Chama cha Mapinduzi, na Edward Sokoine akachukua nafasi ya Kawawa kama Waziri Mkuu. Kawawa akawa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na alikuwa katika wizara hiyo wakati wa vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda vya 1978–1979. Kutoka 1982 hadi 1990 alikuwa Katibu Mkuu wa CCM, kisha Makamu Mwenyekiti wake kwa muda mfupi kabla ya kupumzika.

Hakuwahi kugombea urais, na Nyerere alipong'atuka 1985 nafasi ilikwenda kwa Ali Hassan Mwinyi. Kawawa hakuandika falsafa wala hakuanzisha mrengo wake katika chama. Kazi yake ilikuwa kutekeleza. Ndiyo maana hukumu juu yake hutegemea sana hukumu juu ya mambo yaliyotekelezwa, na sifa yake ya utiifu husemwa na baadhi ya watu kama pongezi na na wengine kama lawama.

Katika miaka ya 1980 barabara ya Makambako hadi Songea ilijengwa kwa lami kwa msaada wa Uingereza. Safari ambayo kizazi cha Kawawa kiliifanya kwa siku nyingi juu ya malori, kikikwama katika tope la Njombe, ikawa ya saa chache.

Familia na kumbukumbu

Mke wake wa kwanza, Sofia Kawawa, alikuwa mwanasiasa kwa haki yake mwenyewe na aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanzania kwa miaka mingi. Mwaka 1988 aliitisha mabadiliko ya sheria ya ndoa zinazoruhusu wake wengi, na kauli hiyo ilizua maandamano na vifo Zanzibar. Alifariki 1994. Mtoto wao Vita Kawawa alikuja kuwa mbunge wa Namtumbo.

Rashidi Kawawa alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tarehe 31 Desemba 2009 akiwa na umri wa miaka 83, na akazikwa Madale, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, kwa heshima zote za kitaifa. Mojawapo ya barabara kubwa za jiji hilo, inayopita Magomeni na Kinondoni, ina jina lake. Magomeni ni kati ya mitaa iliyojazwa miaka ya 1950 na wageni kutoka mikoani, wa aina ile aliyoiigiza katika Muhogo Mchungu.